Sauti za Ng'ambo: Hadithi za Kusikiliza Katika Historia ya Cyangugu

Ukiwasha redio ndogo pale Kamembe, mjini Cyangugu, jioni, sauti ya kwanza kukufikia si lazima iwe ya Kigali. Mashariki umesimama mgongo wa milima unaogawa mito, mingine ikielekea Kongo na mingine Nile. Mgongo huo umevikwa msitu wa Nyungwe, na kilele chake cha Bigugu kinakaribia mita 3,000. Magharibi hakuna kizuizi: ni maji ya Ziwa Kivu, mto Rusizi, na Bukavu iliyotandaa juu ya rasi zake, karibu kiasi kwamba usiku taa zake zinahesabika. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka. Yakigonga mlima yamekwama, yakikuta maji yanapita. Ndiyo maana mji huu umezoea tangu zamani kutega sikio upande wa magharibi, nje ya mipaka ya nchi yake.

Kiserikali jina ni Rusizi tangu wilaya ilipoundwa mwaka 2006, lakini Cyangugu bado liko midomoni mwa watu. Jina la kale zaidi la eneo hili ni Kinyaga, kona ya kusini magharibi ambayo watawala wa Rwanda ya kati waliishika kwa nguvu zaidi wakati wa mfalme Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895. Kabla ya hapo na baada ya hapo, Kinyaga ilikuwa njia ya watu: Wahavu wa visiwani na pwani ya ziwa, Washi wa upande wa pili, wachuuzi wa chumvi na ng'ombe. Palipo na njia pana hadithi. Na kwa karne nyingi hadithi iliingia kwa sikio tu.

Wakati wake ulikuwa usiku. Kazi zikiisha, watu walikusanyika kwenye igitaramo, baraza la jioni lenye pombe ya ndizi au ya mtama, majigambo ya mashujaa, mafumbo na masimulizi. Hadithi ndefu ilikuwa mali ya bibi ndani ya nyumba, moto ukiwa umebaki makaa. Msimulizi hakusoma popote. Alibadilisha koo: sauti nyembamba kwa Bakame, yule sungura mjanja, na sauti ya kukwaruza kwa dubwana linalobisha mlangoni pa Nyashya na kaka yake Baba, watoto wawili wanaoishi peke yao. Mtoto aliyekuwa akisikiliza hakuwa na picha ya kumsaidia. Dubwana alilichora mwenyewe, na ukubwa wake ulitegemea woga wake.

Mizimu nayo ilikuwa na makao yanayojulikana. Katika imani ya kale ya Rwanda, roho za waliopewa mafunzo ya Ryangombe zilikwenda Karisimbi, mlima wenye baridi na starehe, na roho za wasiopewa zilitupwa Nyiragongo, mlima wa moto. Ryangombe mwenyewe alikuwa mwindaji aliyeuawa na nyati, akaendelea kutawala wafu. Katika ibada ya kubandwa, waumini walivaa nafsi za wenzake, wakazungumza kwa sauti zao. Milima yote miwili iko kaskazini mwa ziwa lilelile linaloishia Cyangugu. Mkinyaga aliyesikia habari za Nyiragongo hakuambiwa habari za ulimwengu mwingine usio na anwani. Aliambiwa juu ya mahali ambapo mtumbwi ungeweza kumfikisha karibu.

Yako pia masimulizi ya maajabu yasiyohusu wafu. Mfalme Ruganzu Ndori anatembea juu ya miamba na kuacha nyayo ambazo wenyeji wa sehemu kadhaa za Rwanda huzionyesha hadi leo. Ngunda analima na kula kwa kipimo kisichowezekana kwa binadamu. Anayetafuta mababu wa hadithi za sayansi za kubuni katika nchi hii angeanza hapa, kwa wasimulizi waliochukua jambo la kawaida, wakalisukuma hadi likavuka mpaka wa akili, kisha wakalieleza kwa uso mkavu kabisa.

Mwaka 1903 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi, mojawapo ya misheni za mwanzo nchini. Waliiona ibada ya Ryangombe kuwa kazi ya shetani, na waongofu wakaamriwa kuiacha. Ibada ilijificha, lakini hadithi zake hazikufa. Jambo la kupendeza ni kwamba aliyekuja kuzikusanya kwa wingi alikuwa mtu wa kanisa: Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika Ruanda-Urundi. Katika miaka ya 1960 na 1970 alichapisha vitabu vya ngano, methali, nyimbo na mila, pamoja na mambo ya kubandwa. Bila kazi yake, mengi ya yale yaliyotegemea pumzi ya bibi yangepotea pamoja na pumzi hiyo.

Redio iliikuta nchi iliyokwisha kujua kusikiliza gizani.

Radio Rwanda ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa uhuru. Mwaka 1963 serikali ilikubaliana na Deutsche Welle ijenge mitambo ya kurushia matangazo huko Kinyinya, Kigali, nayo ikafanya kazi kuanzia 1965 hadi ilipozimwa Machi 2015. Kwa miaka hamsini, sauti nyingi zilizosikika Afrika kutoka Ujerumani zilirushwa kutoka kilima kimoja cha Rwanda. Mwaka uleule wa 1963 ndio Deutsche Welle ilipoanzisha matangazo yake ya Kiswahili. BBC ilikuwa imetangulia, Juni 1957. Mawimbi mafupi, tofauti na FM, hupanda angani, hupiga tabaka la juu la hewa na kurudi ardhini mbali sana, kwa hiyo Nyungwe haikuyazuia. Yalikuja yakipanda na kushuka, yakichanganyika na mluzi na mkwaruzo, na sauti ya mtangazaji ikififia katikati ya sentensi. Kwa mtu aliyelelewa na habari za roho zinazosema kupitia vinywa vya wengine, chombo kile kilikuwa na jambo la kutafakari.

Nani alielewa Kiswahili Cyangugu? Si wachache. Lugha iliingia na wachuuzi na askari wa Wajerumani, ikakaa kwa Waislamu wa Kamembe na wa bonde la Bugarama, ikapata nguvu sokoni kwa sababu ya Bukavu, na ikaongezewa watu na kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilichoanza Bugarama katika miaka ya 1980. Kwao, Dar es Salaam haikuwa mbali. Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha watoto cha Mama na Mwana, ambamo Debora Mwenda alisimulia kwa utulivu uliowafanya watu wazima nao wasogee. Watanzania wa rika fulani wakitajiwa Binti Chura, hukumbuka sauti kabla ya kukumbuka kisa.

Redio yenyewe ilikuwa mali ya kutunzwa. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, ikawekwa juu ya kabati, na mwenye nyumba ndiye aliyeizungusha. Betri zilipochoka hazikutupwa; zilianikwa juani juu ya bati, na joto liliziamsha kidogo, labda zikatosha kumaliza taarifa ya habari na mchezo mmoja. Majirani walikuja na vigoda vyao. Mwisho wa mchezo, betri ikikata kabla ya muuaji kutajwa, waliobaki walijadili mpaka usiku wa manane.

Mchezo huo wa redio, ikinamico, ndio uliokuwa kilele cha wiki kwa wasikilizaji wa Radio Rwanda. Kundi la Indamutsa lilijenga jina kwa sauti tupu: mlango unalia, mbuzi anapita, mama mkwe anakohoa nje kabla ya kuingia. Kaka na dada wa igitaramo walikuwa wamehamia studio. Kilichobadilika ni kimoja, nacho ni kikubwa. Bibi aliyesimulia alikuwa mbele yako, ukimjua ukoo wake na uongo wake. Mwigizaji wa redio hakuonekana.

Hatari ya sauti isiyoonekana ilijulikana duniani kabla Rwanda haijalipa gharama yake. Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles alirusha New York mchezo wa redio uliotokana na riwaya ya H. G. Wells kuhusu wavamizi kutoka Mars, akaupanga kama taarifa za habari zinazokatiza muziki. Magazeti yalitia chumvi hofu iliyotokea, na watafiti wa baadaye wamelisahihisha hilo. Lakini Quito, mji mkuu wa Ecuador, hakuna aliyetia chumvi. Februari 1949 Radio Quito ilirusha kisa hichohicho kwa Kihispania. Watu walipogundua kwamba hakuna wavamizi, walilichoma moto jengo la kituo hicho, na watu kadhaa wakafa. Sikio haliwezi kuona pale hadithi inapoishia na habari inapoanzia.

Nchini Rwanda mambo yalikwenda kinyume. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipiga muziki wa Zaire uliopendwa, watangazaji walitania, wakapokea simu za wasikilizaji, wakaongea kama watu walioketi baa. Katika utani huo walipandikiza kisa cha kubuni: kwamba majirani Watutsi ni wavamizi waliojificha. Kisa hicho kilitangazwa kama habari, na kuanzia Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, kilitangazwa pamoja na majina na mahali. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoketi Arusha, ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003, ikaweka wazi kwamba neno la redio linaweza kuwa tendo la jinai.

Milima tena imo katika habari hii. Mtafiti David Yanagizawa-Drott alilinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na vile vilivyofichwa na vilima, akakadiria katika utafiti uliochapishwa 2014 kwamba karibu asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ulitokana na matangazo hayo. Mwenzake Scott Straus alikuwa ameonya mapema kwamba wauaji wengi walisukumwa zaidi na viongozi na watu waliowajia ana kwa ana. Yote mawili yanaingia akilini ukiyatazama kutoka Cyangugu. Aprili mwaka huo, Watutsi waliokimbilia kanisa kuu walihamishiwa uwanja wa michezo wa Kamarampaka, na humo majina ya baadhi yao yakasomwa kutoka kwenye orodha. Waliotolewa hawakurudi. Hapo redio haikuhitajika. Ilitosha sauti ya mtu anayesoma. Walionusurika baadaye walipelekwa Nyarushishi, na huko ndiko wanajeshi wa Ufaransa walikokwenda walipovuka kutoka Bukavu tarehe 23 Juni.

Agosti 1994, ziwa likiwa limejaa wakimbizi pande zake zote, kituo kipya kilianza kusikika kutoka Bukavu. Waandishi wa habari kutoka Uswisi walikuwa wamekifungua na kukiita Radio Agatashya. Kilitoa habari kavu: maji safi yapo wapi, nani anamtafuta nani, nini kimethibitishwa na nini ni uvumi. Kutokana nacho lilizaliwa mwaka 1995 shirika la Fondation Hirondelle, ambalo leo lina vituo na miradi nchi nyingi. Vita vilipoifikia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, Agatashya ilinyamaza. Ilidumu miaka miwili tu, lakini kwa msikilizaji wa Cyangugu ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwa sauti ya ng'ambo kumwambia jambo ambalo angeweza kwenda kulihakiki kwa miguu yake.

Kurudi kwa hadithi kulichukua muda zaidi. Nani angethubutu kuigiza kijiji cha kubuni, wakati vijiji vya kweli vilikuwa bado vinazika? Aliyethubutu kwanza alikuja kwa njia ya afya. Februari 1999 idhaa ya BBC ya Maziwa Makuu ilianza kurusha Urunana, mchezo wa mfululizo unaofanyika katika kijiji cha kubuni cha Nyarurembo, ulioiga umbo la mchezo wa Uingereza wa The Archers. Ulizungumzia uzazi, Ukimwi na ndoa. Bushombe na Kankwanzi wakawa watu wa kutajwa sokoni kana kwamba wana shamba jirani. Mei 2004 ukafuata Musekeweya wa shirika la Radio La Benevolencija, ukithubutu zaidi: vilima viwili vinavyochukiana, Bumanzi na Muhumuro, na vijana Shema na Batamuriza wanaopendana licha ya chuki hiyo.

Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliupima Musekeweya kwa mwaka mmoja, kundi moja likisikiliza mchezo huo na jingine likisikiliza mchezo wa afya. Matokeo yake ya mwaka 2009 yanafaa kukumbukwa na kila mtunzi. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichoamini kuwa ndiyo desturi ya watu wao, na jinsi walivyokuwa tayari kupingana hadharani na kushirikiana. Walisikiliza kwa makundi, na huenda hilo ndilo lililofanya kazi: kumsikia jirani akicheka, akiguna, akisema huyu amekosea. Hadithi ya redio ilikuwa imerudishwa igitaramo.

Wakati huohuo mashetani na mashine vilikuwa vinaingia kwa mlango mwingine. Katika vibanda vya video vya Kamembe na Bugarama, kama kwingineko Rwanda, filamu za Hollywood, Hong Kong na Nigeria zilionyeshwa zikiwa na msimulizi anayezungumza Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji. Filamu hizo huitwa agasobanuye. Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga na kufariki mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa wakuu wa kazi hiyo. Uganda ina ma-VJ wake, Kenya ina DJ Afro, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Wanachofanya si tafsiri tu. Msimulizi humpa roboti jina la kienyeji, huonya kwamba yule mwenye koti jeusi amekwisha kufa tangu mwanzo, hutania, hunyamaza pale inapobidi. Chumba kikiwa kimejaa na kioo kikiwa kidogo, walioketi nyuma hawaoni kitu. Wanasikiliza. Kwa vijana wengi wa mpakani, visa vya kwanza vya mizimu ya angani na mashine zinazorudi kutoka wakati ujao vilipokewa namna hiyo, kwa sikio, kutoka kwa mtu mmoja anayefanya sauti zote. Ni ufundi wa bibi, na unastahili heshima ambayo wenye sinema hawajaupa.

Kitabu cha kusikiliza kama bidhaa kina historia nyingine. Thomas Edison alipokwisha kuunda fonografu mwaka 1877, alitaja vitabu vya sauti kwa ajili ya vipofu kuwa mojawapo ya matumizi yake. Vilipatikana kweli katika miaka ya 1930, baada ya watu wengi kupoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Uingereza ilitoa vya kwanza mwaka 1935, na kimojawapo kilikuwa riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie. Edison huyohuyo, mwaka 1920, aliwaambia waandishi wa habari kwamba anafikiria chombo cha kuwawezesha waliokufa, ikiwa bado wapo, kuwasiliana na walio hai. Chombo hicho hakikuonekana. Lakini wazo lilikuwa limekwisha kumjia: sauti iliyonaswa humzidi mwenye sauti umri. Kila rekodi ya zamani ni kisa cha mzimu, na kila kinasa sauti ni kisa cha sayansi.

Kiswahili kina hazina ya maandishi inayongoja kutendewa hivyo. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, kilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki, na Bwana Msa wake anachunguza mauaji katika mahali pa mizimu Unguja. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, anampakia mtu aliyehukumiwa kifo katika chombo cha angani na kumfikisha kwenye nchi yenye utaratibu tofauti na wetu. Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka, ambamo babu aliyekufa anarudi kumsumbua mjukuu wake, mkubwa serikalini. Vikisomwa kimya ni vigumu mahali pengine, hasa kwa msomaji aliyezoea ngano zilizonyooka. Vikisomwa kwa sauti na msomaji mwenye koo la kubadilika, ugumu mwingi utayeyuka, kwa kuwa waandishi hawa wamejenga sentensi zao juu ya mazungumzo.

Njia ya kuvifikisha ipo. Pale Kamembe, kijana mwenye kompyuta na sanduku la spika humjazia mteja memori kadi kwa bei ya soda: nyimbo za Bukavu, mahubiri, agasobanuye, na simulizi za sauti za Kiswahili zinazotungwa Tanzania, nyingi zikiwa za majini, mapenzi na kulipiza kisasi. Mteja huondoka na saa kadhaa za kusikiliza katika kitu kidogo kuliko ukucha. Dereva anayevuka Nyungwe kwenda Huye hupoteza mtandao na redio kwa sehemu kubwa ya safari, na huko ndiko kadi inapojilipa. Sheria nayo imesogea: mwaka 2017 bunge la Rwanda lilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, miaka kumi baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Na mwaka 2021 ilitoka filamu ya Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda na kuonyeshwa Cannes. Inasimulia wachimba koltani waliotoroka mgodi, kaka aliyeuawa ambaye kifo chake hakimalizi kazi, na kijiji cha wadukuzi kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Ni kisa cha sayansi na cha wafu kwa pamoja, na wahusika wake wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakiruka kutoka lugha moja kwenda nyingine katikati ya wimbo. Watazamaji wa Ulaya waliisoma kwa maandishi ya chini ya kioo. Mama anayevuka daraja la Rusizi kila asubuhi na beseni la nyanya, akipatana bei kwa Kiswahili na Kishi upande mmoja na kwa Kinyarwanda upande wa pili, angeielewa sehemu kubwa yake akiwa amefumba macho.